Namna ya Kuyafanya Upya Makabati ya Jikoni Badala ya Kuyang'oa

Jiko linapochakaa, wazo la kwanza la mwenye nyumba huwa ni kuyang'oa makabati yote na kuagiza mapya. Nimeona mara nyingi, katika nyumba za Tanga na Dar es Salaam zilizojengwa miaka ya 1970 na 1980, makabati ya mninga na mkongo yakitupwa uani na kugeuzwa kuni, na mahali pake pakawekwa makabati ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ambayo huvimba mara tu bomba la sinki linapovuja. Hasara hiyo hunisikitisha, kwa kuwa kilichochakaa mara nyingi si mbao bali ni ngozi nyembamba ya vanishi au rangi iliyopakwa juu yake. Mbao zenyewe zimekauka kwa miaka 40, hazipindi tena, na kuzipata mpya si jambo jepesi: katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliofanyika Panama mwezi Novemba 2022, miti ya jenasi za mninga na mkongo inayotoka Afrika iliingizwa katika Kiambatisho cha II, na sasa biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali. Mwenye mlango wa mninga jikoni ana mali, hata kama umefunikwa na masizi.

Mwongozo huu unahusu jiko la kawaida lenye milango 12 na droo 4. Mtu mmoja anayefanya kazi kwa utulivu atahitaji siku nane hadi kumi, na nyingi kati ya hizo ni za kusubiri vitu vikauke. Anayekuahidi kumaliza kwa siku mbili ameamua kuruka hatua fulani, na hatua hiyo karibu kila mara huwa ni usafi.

Kagua kabla ya kununua chochote

Fungua milango yote, toa droo, kisha utazame sehemu ambazo hazikupakwa kitu: ndani ya tundu la skrubu ya bawaba, ukingo wa chini wa mlango, nyuma ya droo. Mbao halisi huonyesha nyuzi zinazoendelea kutoka usoni hadi ukingoni. Plaiwudi huonyesha tabaka zilizopishana. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ni ya kahawia, laini, haina nyuzi, na hufanana na kadibodi nene iliyoshindiliwa, ilhali chipubodi huonyesha vipande vidogo vya mbao vilivyogandishwa. Ukiona ngozi ngumu ya plastiki iliyobandikwa juu ya mojawapo ya hizo, hiyo ni fomika au melamini, nayo ina taratibu zake nitakazozieleza mbele.

Bonyeza sakafu ya kabati la sinki kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, ubao huo umeoza au umevimba, na hakuna msasa wala rangi itakayourudisha, lakini hiyo si sababu ya kulikataa kabati zima. Kata ubao huo peke yake, weka kipande cha plaiwudi isiyodhuriwa na maji, pamoja na kuziba chanzo cha uvujaji. Tazama pia wadudu. Vishimo vya mviringo vinavyomwaga unga mpya kila asubuhi ni kazi ya bungua aliye hai, naye hutibiwa kwa kuingiza dawa ya wadudu wa mbao ndani ya vishimo kwa bomba la sindano na kusubiri muda ulioandikwa kwenye kopo. Vijia vya udongo ukutani au nyuma ya kabati ni vya mchwa, na hapo inabidi nyumba yenyewe ishughulikiwe kwanza; kupaka rangi juu ya kabati linaloliwa ni kupoteza fedha.

Kisha utambue kilichopakwa zamani. Chovya kitambaa katika spiriti na ukisugue mahali pasipoonekana: ngozi ikilainika na kunata, ni vanishi ya sheleki. Isipolainika, jaribu kwa thina ya laka. Ikiyeyuka, ni laka ya NC (nitroselulosi) ambayo mafundi wetu wengi hupuliza kwa kompresa. Vyote viwili vikishindwa kuiyeyusha, hiyo ni vanishi ya mafuta au ya poliyurethani. Jaribio hili la dakika tano hukuonyesha ni nini kitakachoshikana na nini, kwa sababu thina kali ya laka ikipakwa juu ya rangi laini ya mafuta huikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka.

Tahadhari moja haina mjadala. Rangi ya mafuta iliyopakwa miongo kadhaa iliyopita huenda ina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Rangi ya namna hiyo usiisugue ikiwa kavu na usiichome moto. Isugue kwa msasa wa maji huku ikiwa imeloweshwa, kusanya tope lake kwa magazeti, na uhakikishe kwamba watoto na wajawazito hawapo nyumbani hadi kila kitu kimeoshwa.

Vanishi au rangi?

Maoni yangu ni haya: mninga, mkongo, mvule na msaji ulio mzima usifunikwe kwa rangi. Sura ya mbao hizo ndiyo thamani yake, na vanishi mpya huirudisha kabisa. Rangi iachiwe MDF, plaiwudi, mbao za paini zenye mafundo mengi, fomika, na milango ambayo imekwisha kupakwa rangi mara kadhaa.

Ukiamua kupaka rangi, usitumie rangi ya maji ya ukutani, hata ile inayouzwa kuwa inaoshika, kwa kuwa haina ugumu wa kustahimili kucha, sufuria na mafuta ya moto. Tafuta rangi ya mafuta ya mbao na chuma, au rangi ngumu ya maji iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya milango na fanicha. Ya mafuta hukauka polepole na hujisawazisha vizuri, lakini nyeupe yake hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, hasa ndani ya kabati kusikofika mwanga. Ya maji hubaki nyeupe na hukauka kwa saa chache. Kuhusu mng'ao, chagua wa wastani: rangi inayong'aa sana huonyesha kila kasoro ya mkono wa mpakaji, na isiyong'aa kabisa hushika alama za vidole na haisuguliki.

Kiasi cha kununua hupatikana kwa hesabu rahisi. Mlango wa sentimita 40 kwa 70 una mita za mraba 0.28 kila upande, kwa hiyo 0.56 kwa pande zote mbili. Milango 12 inakuwa mita za mraba 6.7 hivi. Nyuso nne za droo zinaongeza takriban nusu mita, na fremu pamoja na pande zinazoonekana karibu mita tatu. Jumla ni mita za mraba kumi. Lita moja ya rangi nzuri hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mpako mmoja, basi lita moja ya praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, na lita mbili za rangi kwa mipako miwili zitatosha. Hesabu hii uende nayo dukani, maana si nadra kuuziwa kopo la lita nne ambalo nusu yake itagandia stoo.

Kufungua na kuweka alama

Anza kwa kuondoa mtungi wa gesi. Katika majiko yetu mengi mtungi hukaa ndani ya kabati lenyewe, na siku chache zijazo utakuwa unatumia thina, tapentaini na spiriti, ambazo mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo tu. Funga vali, toa mtungi nje, na upike kwingine hadi harufu iishe.

Chora mchoro wa jiko kwenye karatasi, upe kila mlango na kila droo namba, kisha uandike namba hiyo ndani ya tundu la bawaba na kuifunika kwa kipande cha utepe wa karatasi. Milango inayofanana kwa macho hailingani kwa milimita, na bawaba imekwisha kuzoea mahali pake. Skrubu na bawaba za kila mlango ziwekwe katika mfuko wake wenye namba ileile. Kupaka milango ikiwa bado imening'inia huokoa saa moja tu, nawe utaachiwa rangi iliyochuruzika na bawaba zilizogandishwa.

Usafi, ambao ndio kazi yenyewe

Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii, jikoni kwa mama yangu, nilipiga msasa milango kavukavu bila kuiosha. Rangi ilipendeza kwa miezi mitatu. Baada ya hapo ikaanza kubanduka kuzunguka vishikio na juu ya jiko, vipande vikubwa kama ganda la yai la kuchemsha, na nikalazimika kuanza upya. Nilijifunza kwamba msasa hauondoi mafuta. Huyasukuma ndani ya nyuzi za mbao na kuyatandaza kila mahali.

Jikoni ambamo samaki na maandazi yamekaangwa kwa miaka 20, mvuke wa mafuta hutua juu ya makabati, hushikana na vumbi na masizi, kisha hugeuka utando mgumu wa kahawia. Changanya maji ya moto na sabuni ya maji ya vyombo, tumia kitambaa na brashi laini, osha kutoka juu kwenda chini, na ubadilishe maji mara tu yanapokuwa meusi. Utando uliogoma, hasa karibu na vishikio na juu ya milango ya juu, hulainishwa kwa tapentaini. Wengine hutumia magadi soda, ambayo kwa hakika hukata mafuta vizuri, lakini mimi siyapendekezi kwa mbao ngumu, kwa sababu huweza kuzifanya nyeusi, na mabaki yake yasiposuuzwa huzuia rangi isishike. Suuza mara mbili kwa maji safi na kitambaa kilichokamuliwa barabara. MDF na chipubodi zisimwagiwe maji. Zipanguse tu, hasa kingoni.

Ukungu mweusi, ambao nyumba za pwani huujua vyema, hupanguswa kwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, huachwa dakika kumi, kisha husuuzwa. Klorini usiichanganye kamwe na siki wala na dawa nyingine ya kusafishia, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Iache milango ikauke kwa siku nzima mahali penye hewa, lakini si juani: jua la saa nane mchana hupasua mbao nzito na kuachanisha maungio.

Matengenezo madogo

Tundu la skrubu lililolegea ndilo chanzo cha mlango unaoning'inia upande. Jaza tundu hilo kwa vijiti vya mianzi vilivyopakwa gundi ya mbao, acha vikauke usiku kucha, kata vilivyochomoza, kisha toboa upya tundu jembamba kuliko skrubu. Mlango utashika kama siku ulipofungwa. Maungio yaliyoachana yatiwe gundi na kubanwa kwa jiliwa au kwa kamba iliyokazwa kwa kijiti.

Kama unabadilisha vishikio, pima umbali kati ya matundu yake kabla hujaenda dukani. Vipimo vya kawaida ni milimita 96, 128 na 160. Ukipata vinavyolingana na matundu ya zamani umejiepushia kazi. Visipolingana, ziba matundu ya zamani kwa puti ya mbao kwa awamu mbili, kwa kuwa puti husinyaa inapokauka na ya awamu moja itaacha kibonyeo kitakachoonekana chini ya rangi. Kwa milango ya vanishi, puti ya dukani mara nyingi hubaki kama doa. Changanya vumbi la msasa la mbao ileile na gundi kidogo, nalo litakaribiana na rangi ya mbao.

Msasa

Lengo la msasa hutegemea uamuzi wako. Kwa rangi, hakuna haja ya kufika kwenye mbao tupu. Inatosha kuondoa mng'ao wote na kusawazisha, kwa msasa namba 120 na baadaye 180. Kwa vanishi, ngozi ya zamani lazima iondoke yote, vinginevyo mabaka yatajitokeza: anza na namba 80 pale tu palipo pazito, endelea na 120, malizia na 180 au 220. Namba usiziruke, kwa sababu mikwaruzo ya 80 haifutwi na 220, nayo huonekana wazi vanishi inapoingia.

Funga msasa kwenye kibao cha mkononi na usugue kwa kufuata nyuzi, kamwe si kwa kuzikata. Plaiwudi isuguliwe kwa mkono mwepesi, maana tabaka lake la juu huweza kuwa jembamba chini ya milimita moja na likitoboka halina dawa. Fomika na melamini zikwaruzwe kwa namba 180 hadi zipoteze mng'ao.

Fanya kazi hii nje na uvae barakoa ya kuzuia vumbi, ile inayobana uso, wala si kitambaa. Vumbi la mbao limo katika orodha ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua cha watu wengi. Ukimaliza, pangusa kila kitu kwa brashi kavu, halafu kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa tapentaini.

Praima

Mafundi wengi huiona praima kuwa gharama isiyo ya lazima. Ukweli ni kwamba mkongo, mvule na mninga zina rangi za asili ambazo maji huziyeyusha na kuzipandisha juu. Ukipaka rangi nyeupe ya maji moja kwa moja juu yake, baada ya siku chache utaona madoa ya manjano au ya kahawia, na mipako mitano zaidi haitayaficha. Kinga yake ni praima ya mafuta au ya sheleki. Mafundo ya paini nayo yapakwe sheleki kwanza ili utomvu usipenye.

Kingo za MDF hufyonza kama sifongo. Zipake praima ya mafuta mara mbili, ukipitisha msasa namba 220 katikati, na usitumie ya maji, ambayo itazivimbisha. Kwa fomika, nunua praima iliyoandikwa kwamba hushika juu ya vigae na plastiki. Ya kawaida itabanduka. Jaribu mahali pamoja, subiri siku mbili, kisha kwaruza kwa kucha. Ikibanduka, badilisha praima kabla hujaendelea.

Kupaka rangi

Pigilia misumari minne kwenye vipande vya ubao ili ncha zake zitokee upande wa pili, halafu ulaze mlango juu ya ncha hizo. Anza na upande wa nyuma. Ukishakauka, geuza na upake wa mbele. Alama ndogo za misumari zitabaki nyuma, ambako hakuna atakayezitazama.

Mlango wenye paneli huwa na mpangilio wake: mifereji na paneli ya katikati kwanza, kisha vipande vya mlalo, na mwisho vya wima, ukivuta brashi kila mara kwa kufuata nyuzi. Mlango bapa upakwe kwa rola ndogo ya sponji na kusawazishwa kwa brashi nzuri kabla rangi haijaanza kushika. Mipako miwili au mitatu myembamba ina nguvu kuliko mmoja mzito, ambao hukauka juu na kubaki laini ndani. Rangi ya mafuta ipewe saa 16 hadi 24 kabla ya mpako unaofuata, ya maji saa zilizoandikwa kwenye kopo, na katikati yake pitisha kwa wepesi msasa namba 320 na kupangusa vumbi.

Kupaka vanishi

Msaji na mvule zina mafuta ya asili yanayochelewesha vanishi kukauka. Zipanguse kwa kitambaa chenye thina, na mara thina inapokauka, ndani ya saa hiyohiyo, paka mpako wa kwanza uliochanganywa na sehemu moja ya tapentaini kwa sehemu tatu au nne za vanishi. Huo huzama na kushika. Mipako miwili au mitatu ya vanishi ya poliyurethani isiyochanganywa ifuate, na msasa namba 320 katikati yake. Ya maji hubaki angavu. Ya mafuta huipa mninga wekundu wa asali ambao mimi naupenda zaidi.

Kama fundi wako anatumia laka ya NC kwa kompresa, mkataze kupuliza siku ya unyevu mwingi. Thina inapogeuka mvuke haraka hupoza uso wa laka, unyevu wa hewani hutua juu yake, na mlango hugeuka mweupe kama uliofunikwa na ukungu. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu mvua huchelewesha kila kinachokauka, pwani ya Tanzania na Kenya kazi hii huenda vizuri zaidi wakati wa kipupwe, mwezi Juni hadi Septemba, kuliko katikati ya masika. Nakuru au Iringa, ambako usiku ni wa baridi, anza asubuhi baada ya umande kukauka na uache kupaka kufikia saa tisa alasiri.

Vitambaa vilivyoloweshwa mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta usivikunje na kuvitupa pipani. Hupata joto vinapokauka na huweza kuwaka vyenyewe. Vianike kimoja kimoja nje hadi vikakamae, au uvizamishe katika maji.

Kurudisha kila kitu mahali pake

Rangi iliyokauka kwa kuguswa bado si ngumu. Subiri angalau siku mbili baada ya mpako wa mwisho kabla ya kufunga milango, na kwa wiki tatu hadi nne zinazofuata uishughulikie kama kitu kibichi: usiisugue kwa sabuni kali, usitundike taulo lenye maji juu ya mlango, wala usibandike chochote. Weka vitufe vidogo vya mpira kwenye pembe za ndani ili mlango usigandamane na fremu. Karibu na bahari tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu au za shaba, kwani za kawaida huacha michirizi ya kahawia kwenye rangi mpya kabla ya mwaka kuisha. Bawaba za kikombe, zile zinazozama katika tundu la mviringo mlangoni, zina skrubu za kurekebisha juu, chini na pembeni. Zirekebishe kidogo kidogo ukisimama mbali kutazama, hadi nafasi kati ya milango ilingane.

Rangi iliyobaki itie katika chupa ndogo ya kioo, ijae hadi karibu na mdomo ili hewa isiikaushe, na juu yake uandike jina, namba ya rangi na tarehe. Mwaka ujao, mlango ulio karibu na jiko utakapopata mkwaruzo wake wa kwanza, utauziba kwa brashi ndogo kwa dakika moja.